Chumba cha Mnada, Ghorofa ya Tisa

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, na salamu za kila anayekuulizia hapa, maana siku hizi wanaokuulizia wewe uliye mbali ni wengi kuliko wanaoniulizia mimi niliyepo. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule na hiyo baridi yenu? Mara ya mwisho ulisema yule wa kati anakohoa. Natumaini kikohozi kimemwachia. Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima. Narudia, ili usianze kuruka mistari: Mama ni mzima, anakula, anatembea, na sasa hivi ninavyoandika yuko uani anamgombeza kuku wa jirani. Shika hilo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Dada, simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Kila nikikupigia Mama anavuta kiti anakaa ubavuni kwangu, na nikitaka tu kufungua mdomo ananikanyaga mguu. Amenikataza kukwambia. "Aliye mbali haambiwi habari za moto uliokwisha kuzimwa," ndivyo alivyosema. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Nikilala naota, nikiamka nanusa. Juzi nimemsuka mteja nywele upande mmoja nikamwacha, nikaenda kuchungulia nyuma ya saluni kama kuna kitu kinaungua. Alikuwa jirani anapasha pasi.

Nianze na la heri. Jicho la kulia limefanyiwa operesheni, mtoto wa jicho katolewa, na Mama anaona. Siku daktari alipomfungua bandeji alinitazama usoni kwa muda mrefu, nikadhani atalia. Akasema, "Kumbe umezeeka hivi na hakuna aliyeniambia." Tukacheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Lakini kabla ya kicheko hicho tulipita mahali ambapo sijui niseme tulipitaje.

Unakumbuka tulivyokwambia kwamba operesheni ni mjini, na kwamba mgonjwa anatakiwa alale karibu na hospitali, kwa sababu anarudishwa kuangaliwa jicho kesho yake na keshokutwa yake. Kule hatuna ndugu. Nyumba za wageni tunazozimudu ziko mbali, na Mama asingeweza kupandishwa na kushushwa kwenye magari akiwa na jicho bichi. Hoteli za jirani na hospitali niliziangalia bei kwenye simu, nikaifunga haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Ndipo mteja wangu mmoja, karani wa benki, akaniambia habari za mnada. Nilikuwa namsuka. Akasema kuna mtandao ambao hoteli kubwa zenye vyumba vitupu zinavitoa kwa anayetaja bei. Wewe unachagua mtaa, unachagua hadhi ya hoteli, unaandika bei unayoiweza. Jina la hoteli hulioni. Wakikataa, umekosa. Wakikubali, pesa imeshakatwa kwenye kadi, na hapo ndipo unaambiwa hoteli ni ipi. Hakuna kubadilisha, hakuna kurudishiwa.

Mkono wangu ulisimama juu ya kichwa chake. Nikamwambia, "Huko si kuuziwa mbuzi kwenye gunia?" Akajibu, "Ndiyo. Lakini mimi mbuzi wangu alitoka mnono."

Unanijua, Dada. Hamkuniita Kunguru bure tangu tukiwa wadogo. Mimi ndiye nisiyepanda lifti bila kusoma kibao cha uzito. Ningeliacha jambo lile pale pale saluni, ila nilifanya kosa la kulisimulia nyumbani.

Mama aliposikia, aliruka kama kaambiwa amepata mjukuu. Miaka yote ile ya kuuza vitambaa sokoni, halafu leo anaambiwa hoteli nazo zinapatanwa! "Na mliniacha siku zote nikidhani bei zao zimeandikwa mbinguni?" Akakaa kitandani kwangu, simu mkononi mwangu, yeye haoni kitu kwenye skrini ila mwanga, mimi namsomea. Nikataka kuandika bei ya heshima. "Hiyo ni bei ya mtu aliyeshuka basi sasa hivi," akasema. "Punguza." Nikapunguza. Wakakataa hapo hapo. Nikasema basi, tumekosa. Yeye akatabasamu. "Wamekataa upesi mno. Anayekataa upesi, duka lake halina watu. Ongeza kidogo, kama unavyomwongezea paka maziwa."

Wakakataa tena. Nikataka kuongeza kwa nguvu, akanizuia mkono. "Sasa ondoka. Mnunuzi akigeuza mgongo ndipo anaitwa." Tukafunga simu, tukalala. Kesho yake tukaweka dau lile lile, sikuongeza hata senti. Kiduara kikazunguka kwenye skrini. Dada, kile kiduara! Nilikuwa naomba wakatae. Kikasimama, maandishi ya kijani yakatokea: hongera, umeshinda. Jina la hoteli likaja na picha zake, zulia, maua, vitanda vyeupe, na hospitali ipo mtaa wa pili tu.

"Ni nzuri?" Mama akauliza.

"Nzuri sana."

"Mbona sauti yako kama ya mtu aliyefiwa?"

Kitu cha thamani kikija kwa wepesi vile, mimi huangalia nyuma ya mlango.

Tulifika mjini mchana. Hoteli ilikuwa kama picha zake, mpaka dada wa mapokezi alipoangalia karatasi yetu. Alikuwa mpole tu, lakini uso ulibadilika kidogo. "Ah, ninyi ni wa mtandaoni," akasema, kama mtu anayesema ninyi ni wa mlango wa nyuma. Akatupa ghorofa ya tisa, mwisho kabisa wa korido. Nikamweleza kwamba Mama haoni vizuri, magoti nayo yanamsumbua, kama kuna chumba chini tutashukuru. Akasema vyumba vya mnada havichaguliwi.

Ghorofa ya tisa ilikuwa inapakwa rangi. Upande mmoja wa korido ulikuwa umefunikwa na plastiki kutoka darini mpaka chini, na harufu ya rangi ilikuwa kali ya kuumiza kichwa. Vile vidude vya darini vya kunusa moshi vilikuwa vimevikwa mifuko ya plastiki, visichafuke. Niliviangalia nikajisemea, huyo wa kunusa moshi kafungwa pua. Chumba chenyewe kilikuwa kizuri. Mama aligusa shuka kwa vidole, muuza vitambaa yule, akasema, "Hii ni pamba ya kweli. Tumewapata."

Mimi nilifanya ninachofanya kila niendapo: nilitafuta pa kutokea. Ngazi kubwa zilikuwa karibu na lifti, mbali na sisi. Nyingine, za wafanyakazi, zilikuwa upande wetu, nyuma ya ile plastiki. Nilipoinua plastiki nilikuta mlango umezibwa na vitanda vya chuma na magodoro yaliyotolewa vyumbani. Nikashuka kumwambia dada wa mapokezi. Akaandika, akasema watavihamisha kesho. Niliporudi Mama alikuwa anacheka peke yake. "Kunguru wangu, umeshapata njia ya kurukia?"

Kwenye ghorofa ile tulikuwa na jirani mmoja tu, chumba kinachotazamana na chetu. Mwanamume mfupi wa makamo, mchangamfu, refa wa mpira wa miguu aliyekuja mjini kwa semina ya marefa. Naye alikuwa mtu wa mnada. Alimwamkia Mama, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa, na tangu hapo kila akipita alikuwa anagonga kuuliza kama tunahitaji maji au chochote. Filimbi yake haikumtoka shingoni. Mama alimuuliza kama anaoga nayo. Akasema, "Mama, refa bila filimbi ni mpita njia tu."

Operesheni ilifanyika kesho yake, ikaenda salama. Daktari akamfunika jicho kwa pamba na ngao ya plastiki, akatupa masharti: asiiname, asibebe kitu, asikohoe kwa nguvu, asilie, asisukumwe, alale chali. Jicho la kushoto nalo, ambalo bado lina mtoto wa jicho, linaona giza na mwanga tu. Kwa hiyo Mama alirudi hotelini akiwa kipofu kamili, kwa muda, nimemshika kiwiko.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mafundi rangi hawakuja siku hiyo. Mama alikuwa amelala chali, mimi niko bafuni nasuuza blauzi yake. Akaniita. "Nani anachoma plastiki?"

Nikasema ni rangi, Mama. Tulikuwa tumeizoea harufu ile.

"Rangi naijua. Hii inaungua."

Nilifungua mlango. Kule kwenye lifti korido ilikuwa na kitu kama ukungu, kijivu juu, cheusi chini, na kilikuwa kinakuja. Hakikuja kwa haraka. Kilikuja kama mtu mwenye uhakika kwamba humpotei. Hakuna kengele iliyolia. Hakuna sauti yoyote. Ukimya ule ndio ulionitia hofu kuliko moshi wenyewe.

Nikafunga mlango. Nikapiga simu ya chumbani, ikaita mpaka ikachoka. Taa ikazimika. Nikakimbilia dirishani, dirisha lenyewe linafunguka upana wa kiganja tu, basi. Chini, ng'ambo ya barabara, niliona wageni wamekusanyika, wengine na mataulo, wafanyakazi wa hoteli na sare zao wanapita katikati yao wanawahesabu. Dada, walikuwa wanahesabu watu, na walionekana kuridhika na hesabu yao. Nikapiga kelele. Nikatoa mto nje, nikaupunga. Wote walikuwa wanatazama madirisha ya chini yaliyokuwa yanatoa moshi, mmoja anapiga picha kwa simu. Hakuna aliyeinua uso mpaka kwetu.

"Wametuona?" Mama akauliza.

"Wanakuja, Mama," nikamwambia.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Fungueni! Ni mimi wa hapa mbele." Refa alikuwa na kitambaa puani, macho mekundu. Alisema ngazi kubwa amekwisha zijaribu, moshi unapanda humo kama kwenye bomba, na lifti ni kaburi. Akanitazama, nami nikamtazama. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu ikisema, kwa utulivu ambao sijui ulitoka wapi, kwamba kuna ngazi nyingine nyuma ya plastiki, ila zimezibwa.

"Zimezibwa na nini?"

"Vitanda."

"Vitanda vinaondoka," akasema. "Twende."

Tulilowesha mataulo. La Mama nilimfunga puani na mdomoni, nikiikwepa ngao ya jicho kama naukwepa moto wenyewe. Tukatoka tumeinama, isipokuwa yeye, aliyekatazwa kuinama. Na moshi ulikuwa juu, Dada, kwenye usawa wa kichwa chake. Nikachagua. Nikamwinamisha. Nilijisemea jicho litasamehe. Tukamkalisha sakafuni karibu na ukuta, mimi na Refa tukaingia nyuma ya plastiki tukaanza kuvuta.

Vile vitanda vilikuwa vimenasana miguu. Ukivuta kimoja vinakuja vitatu, halafu vinakwama. Kucha zangu mbili zilikwenda hapo. Nilikuwa nalia, na nikawa navuta huku nalia, mpaka Mama akasema kutoka sakafuni, kwa sauti yake ile ya sokoni, "Lia baadaye. Sasa hivi vuta." Refa akaweka mgongo ukutani, akasukuma kwa miguu yote miwili, rundo likasogea, mlango ukafunguka kiasi cha mtu kupita ubavu. Tulipita ubavu. Mama tulimpitisha kama kabati.

Ngazi zile hazina dirisha. Giza lake ni la kushika kwa mkono. Hewa ilikuwa nafuu, lakini moshi ulikuwa unafuata kupitia mlango tuliouacha wazi. Mama haoni, magoti hayataki, sisi nasi hatuoni. Refa akasema atatangulia. "Mama, nikipuliza fupi, ni kidato. Nikipuliza ndefu, ni mahali pa tambarare, pumzika. Umenielewa?" Mama akasema ameelewa, yeye si mchezaji wa kupewa kadi.

Basi tukashuka hivyo. Filimbi fupi, mguu. Filimbi fupi, mguu. Ndefu, pumzi. Mimi nyuma nimemshika Mama kwapani, na kila filimbi ilipochelewa kidogo nilidhani Refa ameanguka na tumebaki peke yetu. Kuna mahali ukuta ulikuwa wa moto. Niliugusa kwa bahati mbaya nikautoa mkono bila kusema. Mama naye aliugusa. Naye hakusema.

Tulipofika katikati, alikaa. Alikaa tu, kwenye tambarare moja, akaanza kukohoa kile kikohozi alichokatazwa. Nikamvuta, hakuinuka. "Nimechoka," akasema. "Ninyi nendeni, wanangu. Mnitumie mtu." Refa akarudi juu akajaribu kumbeba, lakini ngazi ni nyembamba, na Mama unamjua umbo lake. Nilipiga magoti nikamshika mkono. Nilimwambia kila kitu nilichokuwa nacho. Nilimbembeleza, nilimfokea, nilimwambia Mungu atanilaani. Mkono wake ulikuwa unalegea ndani ya mkono wangu.

Halafu akakuita wewe.

Alikuita kwa lile jina lako la utotoni, ambalo yeye peke yake anakuita. Akavibana vidole vyangu, akavipapasa kama anavipima. "Umekuja?" akasema. "Umekuja lini, mwanangu?"

Dada, sikufikiri. Nilijibu, "Nimekuja leo, Mama. Nimekuja kukuchukua. Inuka twende."

Akainuka. Mtu ambaye watu wawili walishindwa kumnyanyua aliinuka mwenyewe, kwa magoti yale yale. Refa akapuliza. Tukaendelea kushuka, na njia nzima alikuwa anazungumza na wewe. Aliuliza kama ndege ilikuwa na baridi. Aliuliza kama umekula. Mimi nilikuwa najibu. Nilimwambia umekula.

Tulitokea uani, kwenye mapipa ya taka, juani. Nilidhani nitaanguka hapo, lakini miguu ilikuwa bado inatafuta vidato. Tukazunguka jengo mpaka mbele. Gari la zimamoto lilikuwa limekwisha fika. Mkubwa wao alikuwa anamuuliza dada wa mapokezi, si yule aliyetupokea bali mwenzake wa zamu nyingine, "Huko juu kabisa hakuna mtu?"

"Hakuna," akasema. "Kunapakwa rangi."

Mama alisikia. Akasimama pale, taulo shingoni, jicho moja limefunikwa, uso mweusi kwa masizi. "Hakuna mtu?" akasema. "Na mimi ni nani?"

Yule binti aligeuka. Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi vile. Alikaa chini barabarani na sare yake safi, akaweka mikono kichwani, akawa anasema, "Majina yenu sikuyakuta, Mama, wallahi sikuyakuta." Baadaye Refa alitueleza kwamba wageni wa mnada wanaandikwa kwa jina la ule mtandao, siyo kwa majina yao. Kwa hiyo alipoita majina, sisi hatukuitwa. Moto wenyewe ulianzia chumba cha kufulia na haukuua mtu, Mungu mkubwa. Lakini mara nyingi najiuliza: kama Refa angeshinda chumba cha hoteli nyingine siku ile?

Hospitali walituchukua moja kwa moja. Mama alikuwa na moshi kifuani, akawekewa hewa. Daktari wa macho alikuja anakimbia, akafungua ile ngao, mimi nikageukia ukutani. Nikasikia anavuta pumzi, akasema, "Mshono upo." Maneno mawili tu. Nilitoka nje nikatapika.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Hoteli walituletea maua na mwaliko wa kulala bure siku yoyote tukipenda. Maua Mama alimpa nesi. Mwaliko alisema niuweke mahali nitakaposahau.

Sasa nikuambie kinachonifanya nikuandikie, maana moto umezimwa kweli, lakini Mama ninayemwona sasa simjui. Analala na viatu. Mlango wa chumba chake hataki ufungwe. Jiko likiwashwa anatoka uani, anakaa na hao kuku anaosema anawachukia. Hospitali wamepanga tarehe ya jicho la kushoto, mwezi ujao baada ya mvua, naye akasema jicho moja linamtosha kuona yaliyobaki. Nikamtafutia nyumba ya wageni ya mjane mmoja karibu na hospitali, chini kabisa, mlango unafunguka uani. Nikampigia yule mjane mbele yake, nikamuuliza habari za milango, madirisha na jiko mpaka akadhani mimi ni askari. Mwisho akataja bei. Nikamtazama Mama, nikimsubiri apunguze. Akasema, "Mlipe anachotaka." Dada, nilishtuka kuliko siku ya moshi. Nilikwenda bafuni nikakaa huko.

Yale aliyoyasema ngazini hajayataja hata mara moja. Sijui kama anakumbuka. Mimi sijamuuliza, na wewe nakuomba usimuulize kwenye simu. Lakini picha yako iliyokuwa kwenye simu yangu ameniambia nimkuzie, akaisogeza kwenye jicho lake jipya, akaitazama siku nzima. Akasema umekonda, na kwamba hakujua una mvi pale mbele.

Najua kazi yako. Najua ruhusa haipatikani kwa kuomba tu, na nauli ni mlima. Sikuandikii kukulaumu; ungejua ninavyokukumbuka usingedhani hivyo. Nakueleza kilichotokea jana jioni, basi, nawe utaamua.

Nilikuwa namkata kucha. Nikamwambia polepole kwamba tarehe ya hospitali inakaribia, na kwamba nisipoijibu watampa mtu mwingine. Nikamaliza mkono wa kwanza. Akanipa wa pili. Kisha akasema atakwenda, lakini hawezi kutembea tena mjini na mtu mmoja. Anataka wawili, mmoja kila upande, wamshike. Nikauliza kama nimwombe jirani. Akatikisa kichwa. Akasema, "Wewe wa kushoto." Wa kulia hakumtaja.

Nisalimie Shemeji, mwambie kofia aliyonitumia naivaa hata ndani. Wabusu watoto mmoja mmoja, na yule wa kati mara mbili kwa ajili ya kikohozi. Shangazi anakusalimu, mjomba fundi saa anakusalimu, na binamu yetu dereva anauliza kama huko kwenu mabasi yanaondoka kwa wakati kweli au ni maneno ya watu. Refa naye, ambaye sasa anapiga simu kila Jumamosi kumjulia Mama hali, ameniomba nimfikishie salamu kwa "yule binti aliyekuwa nasi ngazini." Nikasema nitazifikisha.

Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, na akufungulie kila mlango utakaougonga.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Kunguru